Kufuli Lisilopiga Kelele

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Kisingizio cha maana sina. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila nikimaliza salamu ama mtoto anaamka, ama nasinzia na kalamu mkononi, ama nakosa la kusema. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ungeisikia sauti yangu, na sauti yangu unaijua kuliko ninavyoijua mimi.

Sisi wazima. Baba mtoto bado yuko kambini huko wanakojenga barabara. Akija anakuja na vumbi, akiondoka anaondoka na sabuni. Mimi niko palepale, chumba cha kufulia cha hoteli. Mashuka hayaishi, Mjomba. Wageni wanalala kama wanashindana. Mikono imenikunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, lakini kazi ni kazi.

Mjukuu wako sasa anatembea. Baba yake amempa jina la Bibi Afya kwa sababu ya ukaguzi: hakuna sufuria asiyoifunua, hakuna uvungu asioupita, na akikuta uchafu anakuletea mkononi uuone.

Nina ombi. Nitumie kufuli. Nililonalo limeliwa na kutu na likifungwa linapiga kelele korido nzima ikasikia. Nataka zuri, zito, lisilopiga kelele, na funguo mbili. Ya madukani huku ni bati tupu.

Na jambo jingine, dogo tu. Bibi Afya ameanza kusema. Watoto wa wenzangu walianza na mama, au baba, au maji. Yeye ameanza na "fuli". Fuli, fuli, kutwa. Nimechunguza, ni kufuli. Niliwaambia wenzangu kazini wakacheka, nami nikacheka. Wewe uliyeishi na makufuli maisha yako yote, hebu niambie, neno hili limetoka wapi? Naliona zito kwa ulimi mdogo namna ile.

Mimi,
Mama Funguo wako


9 Machi

Mama Funguo,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa shikamoo zote ulizoninyima mwaka jana.

Nami nimechelewa. Mara mvua, mara umeme, mara uvivu wa uzee. Usishangae herufi zangu kuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, ni kalamu hii nene. Duka lipo. Jirani yangu muuza rangi bado anaazima koleo na kurudisha maneno. Mwalimu mstaafu bado anakuja asubuhi kukalia kigoda changu, mimi mwenye duka nasimama.

Huyo mwalimu ndiye niliyempelekea swali lako, na alifurahi kama aliyepewa pensheni mara mbili. Anasema kufuli ni neno la Kiarabu. Wao wanatamka kwa mkato, kama mtu anayekaba koo: qufl. Sisi hatuna subira na neno lisiloisha kwa irabu, tukalipa u katikati na i mwishoni, likakaa vizuri mdomoni. Komeo, anasema, ni letu wenyewe, linatokana na kukomea. Nikamuuliza, na kitasa je? Akakohoa. Nikamwachia akohoe.

Mimi si mwalimu, lakini nimeyashika haya yote mawili kwa mikono, na tofauti yake ninaijua bila kamusi. Komeo unalifunga ukiwa ndani. Kufuli unalifunga ukiwa nje. Anayekomea amebaki na anachokilinda. Anayetia kufuli anakiacha na kwenda zake.

Sasa, sheria ya duka unaijua, umekulia humo. Hakuna kufuli linalotoka mezani kwangu kabla sijauliza: linafungia nini? Maana la baiskeli si la sanduku, na la ghala si la geti. Hili nimelituma bila kuuliza kwa sababu ni wewe. Lakini nauliza sasa. Linafungia nini?

Nimelitia mafuta, halitoi sauti. Ufunguo mmoja umetoka nalo kiwandani. Wa pili nimeuchonga mwenyewe kwa tupa.

Mwambie Bibi Afya asione haya. Mama yake neno lake la kwanza lilikuwa "tupa", na baada ya kulisema akazitupa kweli, hadi mtaroni. Ndiyo maana nilikufunga kwa ule utepe wa buluu, ncha moja kiunoni kwako, ncha nyingine mguuni kwangu. Marehemu dada yangu alinilaumu, eti namfanya mwanawe mbuzi. Nikamwambia, mbuzi anafungwa kwenye mti, huyu kafungwa kwa mjomba wake.

Mjomba


17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mzigo ulifika salama, na kufuli ni zuri mno. Halitoi hata mnong'ono. Nimechelewa kushukuru, nisamehe tena, naona nimekuwa mtu wa kuomba radhi kila barua.

Huku kumeingia mvua na milango imevimba. Jirani yetu wa mkabala ni fundi cherehani, mtu mpole, mashine yake inanguruma tangu asubuhi. Mama mmoja mwenye pacha aliyekuwa ananisaidia kumtazama mtoto alihama tangu mwaka jana. Dada niliyemchukua baada yake alikaa kidogo akaenda kuolewa, na sikuweza kumlaumu. Hotelini watoto hawaruhusiwi, kuna maji yanayochemka na pasi za moto, na msimamizi wetu hata ukikohoa anataka ruhusa ya maandishi.

Mwambie mwalimu asante kwa neno. Uliyoyasema kuhusu komeo na kufuli niliyasoma mara moja, barua nikaiweka chini ya godoro.

Uliniuliza swali. Linafungia chumba.

Redio yetu inafanya kazi sana siku hizi. Nikipata betri za bei nafuu nitanunua nyingi.

Bibi Afya hajambo. Ni mtulivu. Watu wote wanasema hawajapata kuona mtoto mtulivu kama yule.

Mama Funguo


2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Hii fupi.

Chumba si kitu cha kufungia. Chumba ni mahali. Ninauliza kilichomo.

Na mtoto wa mwaka na kitu, anayeitwa Bibi Afya, hawezi kuwa mtulivu. Aliyemtuliza ni nani?

Sikugombezi. Nijibu tu.

Mjomba


21 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Leo sitaanza na habari za mvua.

Ulijua. Nadhani ulijua tangu nilipotaka lisilopiga kelele, kwa sababu anayefungia sanduku hajali kelele. Nami nilijua kwamba umejua, ndiyo maana barua yako ya Juni nimeitembeza kwenye mkoba hadi ikachanika mikunjo.

Nilikuwa namfungia. Asubuhi namlisha, nambadilisha, natandika godoro chini asije akaanguka, naondoa jiko, naondoa visu, nawasha redio. Nafunga kufuli taratibu kama mwizi, mimi na chumba changu mwenyewe. Mchana wenzangu wanapokula mimi nakimbia nyumbani, namlisha, nafunga tena, narudi kwenye mashuka. Siku za mwanzo alilia. Baadaye akaacha. Kuacha kwake ndiko nilikokuita utulivu.

Sasa sikiliza lililotokea, kwa sababu wewe una haki ya kulisikia kutoka kwangu.

Ilikuwa mchana, nimekuja mbio kama kawaida. Nikatia ufunguo, ule uliouchonga wewe, kwa sababu wa kiwandani nilikuwa nautundika msumarini humo ndani. Mlango ulikuwa umevimba, unalivuta kufuli, nikageuza kwa nguvu. Ufunguo ukakatika. Kichwa mkononi kwangu, meno ndani ya kufuli.

Nikasimama. Mjomba, mimi niliyelelewa dukani kwako, nilisimama kama sijawahi kuona kufuli. Halafu Bibi Afya akanisikia. Akaja hadi mlangoni, akakaa kwa kishindo, vidole vyake vikatokeza chini ya mlango. "Fuli," akasema. "Fuli. Fuli."

Fundi cherehani akatoka na futi yake shingoni.

"Mama, vipi?"

"Ufunguo umekatika."

"Aa, hilo tu? Pole. Kesho utaita fundi, leo kaa kwangu unywe maji."

"Kuna mtu ndani."

"Nani?"

Akatazama chini, akaviona vidole. Akasema, bila ukali wowote, "Kumbe. Mimi siku zote nilidhani ni redio."

Angenipiga kofi ingekuwa nafuu.

Akaleta nyundo, nikaikataa, maana mtoto alikuwa ameegemea mlango uleule. Wapangaji wakajaa korido. Mama mwenye nyumba akaja juu, mikono kiunoni. "Nimeishi nikaona mengi," akasema, "lakini kufungiwa nimeona kuku." Mwingine akasema, "Na ndio hao wanaoposti picha za watoto wao." Hata sipo huko, Mjomba, lakini ningejitetea kwa lipi?

Nikamwomba fundi sindano mbili za mashine na mkasi wenye ncha. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea: usisukume, kilichokatika hutoka kwa njia kiliyoingilia. Sindano huku na huku, nikabana, nikavuta. Kipande kikateleza, nikaanza upya, na muda wote naviimbia vidole vile. Kikatoka. Ufunguo mwingine ulikuwa humo ndani, kwa hiyo nikakirudisha hichohicho hadi mwisho, nikakigeuza kwa ncha ya mkasi. Mkasi wa watu umepinda na hautakata tena. Kufuli likafunguka bila sauti, kama ulivyoahidi.

Hakunikimbilia. Aliliangalia kwanza kufuli mkononi mwangu, ndipo akanitazama mimi.

Tangu siku ile halijarudi mlangoni. Mke wa fundi anakaa na mtoto asubuhi, kwa huruma tu. Hanisemeshi zaidi ya salamu, na mimi simlaumu. Mwisho wa Agosti anakwenda kwao kujifungua. Baada ya hapo sina mtu, na msimamizi ameshasema, nikikosa tena kazini nisirudi. Nikirudi bila mtu, unajua nitakachojaribiwa kufanya. Nalijua hilo, ndilo linaloninyima usingizi.

Nilikuwa nimalize hapa, lakini kuna kitu kimoja. Nilivishika vile vipande viwili vya ufunguo nikavitazama, kwa jicho ulilonipa wewe. Shingo ya ufunguo imeliwa na tupa mpaka imebaki kama unyasi. Jino la tatu limechongwa mara mbili, mara ya kwanza limekosewa. Wewe hujawahi kula shingo ya ufunguo. Ulinichapa mimi kwa kosa hilohilo. Na herufi zako, Mjomba. Kalamu nene haifanyi mistari ipande na kushuka.

Macho yako yana nini?

Mama Funguo


12 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba.

Barua yako nilisomewa na mwalimu. Alipofika kwenye vidole aliacha kusoma, akajifanya anafuta miwani. Hii pia anaiandika yeye, mimi namwambia. Usione haya, ameapa, na ulimi wake ni mzito kuliko kufuli lolote la duka hili.

Macho yana ukungu. Watu nawaona, barabara naiona, chai inayomwagika naiona. Ila meno ya ufunguo siyaoni tena. Nimekuwa nikichonga kwa kidole, nikibahatisha. Wateja wamerudisha funguo, nikawaambia mlango wao ndio mbovu. Mimi, Mjomba wako, nimesingizia milango ya watu. Na ule wako niliuchonga nikiwa najua kwamba sioni vizuri, kwa sababu sikutaka useme Mjomba kazeeka. Ungekatika chumbani kunawaka moto, je? Nimelifikiria hilo hadi kula kumenishinda.

Kwa hiyo tusishindane kuona haya. Ulimfungia, mimi nikakupa kufuli, tena la kimya, tena na ufunguo wa uongo. Na nilijua, ndiyo. Nilijua tangu Februari. Nilijiambia nikiuliza kwa upole utasema mwenyewe. Upole mwingine ni woga.

Nina neno moja la kukufariji. Mwalimu anasema ufunguo umeitwa kutokana na kufungua. Unafunga na unafungua, lakini sisi tuliokupa jina la Mama Funguo hapa dukani tuliangalia kule kufungua. Pengine Bibi Afya naye akisema "fuli" anamaanisha mama amefika.

Kuhusu mtu wa kukaa na mtoto, nimeuliza huku na huku. Binti wa muuza rangi anasoma. Nitaendelea kuuliza. Ningekuja mwenyewe, ila mzee mwenye ukungu machoni ni mtoto wa pili kwako, na huyo mmoja tu amekushinda. Nisamehe kwa kusema hivyo, mwalimu alitaka kulifuta, nimemkataza.

Mjomba


20 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Safari hii sijachelewa.

Mwambie mwalimu asante, na kwamba faraja yake nimeipokea ila sikuitumia. Bibi Afya hasemi "fuli" nikifika. Anasema asubuhi, nikianza kufunga kilemba. Anakaa chini mwenyewe, kwenye godoro, ananingoja nitoke. Hata sasa, mlango ukiwa wazi na mke wa fundi yuko palepale, bado anakwenda kukaa. Neno lile analijua maana yake barabara. Amefundishwa na mimi. Usinipe maana nyingine, nitakuja kuizoea.

Haya. Umesema wewe ni mtoto wa pili kwangu. Mjomba, nimefua mashuka ya hoteli nzima, nitashindwa na kanzu zako mbili? Huoni meno ya ufunguo, lakini Bibi Afya si jino la ufunguo. Ni mkubwa, ana kelele, na tangu juzi ameanza tena kulia, sauti ya kufumua paa. Nilipomsikia nilikaa chini nikalia naye. Mtu wa namna hiyo huhitaji macho makali kumjua alipo.

Na mimi hukunilea kwa macho. Macho yako yalikuwa kutwa kwenye jiriwa, ile ya kubania funguo ukizichonga. Ulinilea kwa mguu.

Korido yetu ni ndefu na ina kivuli. Fundi ametengeneza nafasi mlangoni kwake, kwa meza na mzee mmoja. Nimemwambia wewe ndiye utakayemlipa mkasi kwa hadithi, amekubali, anasema anachoshwa na redio. Mama mwenye nyumba amenuna, lakini ana vitasa vibovu mlango kwa mlango. Wewe utaelekeza, mimi nitachonga jioni. Bado ninajua. Macho yako tutayapeleka kwa daktari wa hotelini, anakuja kuwapima wafanyakazi, nimeshaandikisha jina lako kama baba yangu. Kama ni uongo, ni mdogo kuliko ule wa milango ya watu.

Sikuombi, Mjomba, nakwambia. Mke wa fundi anaondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Panda basi la Ijumaa. Duka mwachie mwalimu, hatimaye akalie kigoda kwa haki, atafute kingine lakini, kwa sababu hicho nakihitaji. Naona aibu kukuita kwa shida, wakati kwenye raha sikukuandikia. Njoo hivyohivyo, utanikuta nimeinamisha kichwa, nami nitakukuta umeinamisha chako, tutasalimiana na sakafu.

Haya ndiyo ninayohitaji bado, mwambie mwalimu ayafunge vizuri:

Kigoda chako, kile cha miguu mitatu.

Tupa zote, kubwa na ndogo, na jiriwa kama konda atakubali.

Kikombe chako kilichovunjika mshikio, maana najua hunywi kwenye kingine.

Dawa zako za mgongo, usisingizie kwamba umezisahau.

Komeo moja la mbao, la kufungwa kwa ndani.

Kufuli usilete hata moja.

Na ule utepe wa buluu, kama haujaliwa na panya. Ukiwa umeliwa, nunua mwingine, uwe mrefu: kutoka mguuni kwako, kupita mlangoni, hadi pale nje jua linapofika.